Isikauke, isifurike: historia ya mfereji mdogo uliochelewesha uvumbuzi mkubwa

Ndugu msomaji, wiki iliyopita nilipokea barua kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja wa Tabata, jijini Dar es Salaam. Barua yenyewe ilikuwa fupi, lakini swali lake lilinikosesha usingizi. Anasema kwamba katika kipindi hiki nimekwisha kutamka zaidi ya mara moja kuwa chombo cha kutoa umeme kutokana na gesi ya haidrojeni kilivumbuliwa mwaka 1839. Simu ilikuja baada yake. Redio ilikuja baada yake. Ndege ilikuja baada yake. Vyote hivyo vimetufikia, na vingine tumekwisha kuvizoea hata hatuvistaajabii tena. Sasa, anauliza msikilizaji wetu, huyo kaka yao mkubwa yuko wapi? Amekwama njia gani?

Nilimsoma mara mbili. Sijui kama alilichagua neno "njia" kwa makusudi, lakini sehemu kubwa ya jibu imo humo humo ndani ya neno lake.

Naam, zipo sababu nyingine, na si haki kuzificha. Platini ni ghali. Haidrojeni haichimbwi tayari kama makaa ya mawe yanavyochimbwa. Kwa sehemu kubwa hutengenezwa kwanza kwa gharama, kisha ndiyo itumike. Aidha, katika miaka ya 1860 ilizuka dainamo, ikazungushwa kwa mvuke, na watu wakaona hawana haja ya kuhangaika na gesi ndani ya vioo. Hayo yote ni kweli na yameandikwa sana. Lakini iko sababu nyingine ambayo haisimuliwi, kwa kuwa haina sifa wala fahari: kwa zaidi ya miaka 100 watu walihangaika kutafuta jinsi ya kuingiza gesi ndani ya chombo hicho na kuyatoa maji bila vitu hivyo viwili kuzuiana njiani. Kwa maneno mengine, tatizo lilikuwa mtaro.

Mbele ya nyumba ninayoishi upo mtaro. Ulijengwa vizuri kwa saruji, nao ni mpana wa kutosha. Kila masika huwa tunausifu kwa siku tatu za kwanza. Siku ya nne chupa za plastiki na majani hukusanyika mahali pamoja, maji yakaona pale pagumu, yakatafuta njia nyingine, na njia hiyo nyingine ni sebule yangu. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Mimi naongeza kwamba maji yakiwa na mikondo miwili, yatafuata ule ulio rahisi, wala hayatamwuliza mwenye nyumba. Naomba uikumbuke sebule yangu, maana tutairudia.

Kwanza tukielewe chombo chenyewe. Wataalamu wanakiita seli ya fueli. Ni ndugu wa betri, ila betri hubeba chakula chake tumboni, na kikiisha haina budi kuchajiwa au kutupwa. Seli ya fueli yenyewe hulishwa. Upande mmoja huingizwa haidrojeni, upande wa pili oksijeni, au hewa hii hii tunayoivuta. Katikati, katika seli za aina inayotumika magarini siku hizi, huwekwa utando mwembamba wa plastiki maalumu. Haidrojeni ikigusa kichocheo cha platini hugawanyika: protoni zake hupenya utando, lakini elektroni zake hunyimwa ruhusa hiyo na hulazimika kuzunguka kwa nje kupitia kwenye waya. Mzunguko huo wa nje ndio umeme wetu. Upande wa pili protoni, elektroni na oksijeni hukutana tena, na mkutano huo huzaa maji. Hakuna moshi, hakuna masizi, hakuna mngurumo.

Uzuri huo una deni lake. Kila kilo 1 ya haidrojeni inayotumika huzaa kilo 9 za maji. Maji hayo huzaliwa pale pale ambapo oksijeni inataka kuingia. Mlango ni mmoja, mgeni anaingia na mwenyeji anatoka, tena kwa wakati mmoja. Hapo ndipo penye kisa chetu.

Aliyeanza ni William Robert Grove, mzaliwa wa Swansea, Wales, mwaka 1811. Grove alikuwa mwanasheria aliyependa sayansi, na baadaye akawa jaji. Katika mwaka huo wa 1839 alichukua mirija ya kioo, akatia vipande vya platini, nusu vikiwa ndani ya asidi ya salfuriki na nusu vikiwa ndani ya gesi, mrija mmoja wa haidrojeni na mwingine wa oksijeni. Umeme ukapita. Huko Basel, Uswisi, rafiki yake Christian Friedrich Schönbein alikuwa akichunguza jambo hilo hilo wakati huo huo. Mwaka 1842 Grove alieleza betri yake ya gesi iliyounganishwa vyombo kadhaa, umeme wake ukatumika kuyapasua maji yawe haidrojeni na oksijeni. Fikiria: gesi zinaungana kuwa maji mahali hapa, na umeme wake unayatenganisha maji mahali pale.

Lakini Grove alikuwa mtu wa macho makali. Aliona kwamba kazi haifanyiki juu ya platini yote. Sehemu iliyozama ndani ya asidi haipati gesi, na sehemu iliyo juu, ndani ya gesi tupu, haina asidi. Kazi yote inafanyika pale tu ambapo vitu vitatu vinagusana: gesi, asidi na chuma. Katika mrija wake mahali hapo palikuwa ufito mwembamba kama alama ya maji kwenye ukuta wa kisima. Chombo kizima kilikuwa kikiishi kwa ufito huo. Grove akaelewa kwamba anayetaka umeme mwingi lazima apanue eneo hilo la kukutania. Alijua nini kinatakiwa. Namna ya kukifanya hakuipata, na dunia ilihitaji miaka mingi kuipata.

Mwaka 1889 walijitokeza wengine wawili, Ludwig Mond, mwenye viwanda vya kemikali nchini Uingereza ambaye alizaliwa Ujerumani, pamoja na msaidizi wake Carl Langer. Wao waliacha asidi ya kumwagika. Asidi yao waliinywesha kwenye ubao wenye vitundu, kama sifongo inavyonywa maji, kisha pande zake mbili wakaweka majani membamba ya platini yenye matundu na unga mweusi wa platini. Gesi zikapitishwa pembeni kwenye vyumba vyembamba. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu umbo hilo la tabaka juu ya tabaka ndilo lililodumu mpaka leo. Hata hivyo nao walikutana na adui yule yule. Waligundua kwamba ule unga mweusi ukilowa tu, kazi inadorora, maana gesi haipiti penye maji. Walikuwa wanauhitaji unyevu na papo hapo wanauogopa.

Ndugu msomaji, ukitaka kuikumbuka historia yote hii kwa maneno mawili, kumbuka haya: isikauke, isifurike. Seli ikikauka, umeme unapata shida kupita ndani yake. Ikifurika, gesi haifiki. Waliofuata wote, wawe wasomi wa vyuo vikuu au mafundi wa karakana, walikuwa wakitembea juu ya kamba hiyo nyembamba.

Sasa tuje kwa mtu ambaye mimi binafsi namheshimu kuliko wote katika kisa hiki, mhandisi wa Kiingereza aitwaye Francis Thomas Bacon, aliyezaliwa mwaka 1904. Bacon alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya mitambo ya mvuke mjini Newcastle. Mwaka 1932 alisoma habari za haidrojeni katika jarida la uhandisi, na tangu hapo hakutulia. Akaanza majaribio yake kimya kimya pale pale kazini, gesi zenye mgandamizo mkubwa zikiwa katika jengo la mwajiri. Mwaka 1940 wakubwa wake walipojua, wakampa hiari ya mambo mawili: ama aache majaribio, ama aache kazi. Aliacha kazi.

Bacon hakutumia asidi wala platini. Alitumia maji ya alkali na elektrodi za nikeli, metali ya bei nafuu. Lakini nikeli nayo ilimletea swali la siku zote: utaizuiaje alkali isifurike kwenye upande wa gesi, na utaizuiaje gesi isitoboe na kupovuka kwenye upande wa alkali? Jibu lake lilikuwa la mfereji, ingawa mifereji yenyewe ilikuwa midogo isiyoonekana kwa macho. Alitengeneza elektrodi yenye tabaka mbili. Upande wa gesi vitundu vilikuwa vikubwa. Upande wa alkali vilikuwa vidogo. Alkali hung'ang'ania kwenye vitundu vidogo jinsi wino unavyong'ang'ania kwenye karatasi, na gesi ikiongezwa mgandamizo kidogo huweza kuyafukuza maji kutoka kwenye vitundu vikubwa lakini hushindwa kwenye vidogo. Mpaka kati ya nchi hizo mbili ukakaa pale alipoutaka yeye. Ule ufito mwembamba wa Grove sasa ulikuwa umesambazwa ndani ya unene wa chuma, mahali elfu kwa elfu.

Mwaka 1959, baada ya miaka 27 tangu alipoisoma ile habari, Bacon aliwaita watu mjini Cambridge. Chombo chake kilikuwa na seli 40 zilizopangwa pamoja, kikatoa kiasi cha kilowati 5 za umeme. Kikaendesha msumeno, kikachomelea vyuma, kikaendesha gari la kunyanyulia mizigo. Mwaka huo huo huko Marekani kampuni ya Allis-Chalmers ilionyesha trekta lililoendeshwa kwa seli za fueli zaidi ya 1,000. Kwa mara ya kwanza chombo cha Grove kilitoka kwenye meza ya maabara kikafanya kazi ya jasho.

Wamarekani walikuwa na shughuli yao, safari za angani. Katika chombo cha angani kila kilo ina bei yake, na betri za kutosha siku nyingi zingekuwa nzito mno. Kampuni ya General Electric ilikuwa na watu wawili, Thomas Grubb na Leonard Niedrach, ambao katika miaka ya 1950 walibuni seli iliyotumia utando wa plastiki badala ya alkali au asidi ya maji maji. Seli hiyo ndiyo mama wa zile zinazotumika magarini leo. Ilirushwa na Gemini 5 mwezi Agosti 1965. Lakini angani hakuna juu wala chini, na tone la maji halijui lidondokee wapi. Walifanyaje? Walitumia tambi, kama tambi za taa ya mafuta ya taa, zikayanyonya maji kutoka kwenye utando na kuyapeleka pembeni. Bibi yangu aliyesomea watoto wake hadithi kwa kibatari angeielewa teknolojia hiyo bila kufundishwa.

Safari za mwezini, Apollo, zilichagua uzao wa Bacon. Kila chombo kilibeba mitambo mitatu, na kila mtambo ulikuwa na seli 31. Humo maji yaliondolewa kwa ujanja mwingine: haidrojeni iliingizwa nyingi kuliko iliyohitajika, ile ya ziada ikazungushwa kwa pampu, ikabeba mvuke na kutoka nao, mvuke ukapoozwa ukawa maji, na wanaanga wakayanywa. Angalia sana jambo hilo. Kile kile kinacholeta chakula ndicho kilichofanywa kibebe taka. Mfereji mmoja, kazi mbili.

Aprili 1970 dunia ilipata funzo la namna nyingine. Katika safari ya Apollo 13 tangi la oksijeni lililipuka. Seli zenyewe hazikuwa na kosa, lakini zilipokosa oksijeni zilizimika moja baada ya nyingine, na wanaanga watatu wakalazimika kukimbilia chombo kidogo cha kutulia mwezini na kuishi kwa betri zake mpaka waliporudi salama. Seli ya fueli haina akiba. Ukiikatia njia ya chakula, muda si mrefu ni chuma kitupu.

Huko angani gharama haikuwa hoja. Barabarani ni hoja. Mwaka 1966 kampuni ya General Motors ilitengeneza gari lililoitwa Electrovan. Lilikuwa gari la abiria sita, lakini matangi na mabomba yalilijaa hata pakabaki nafasi ya watu wawili. Fauka ya hayo, gari la kawaida halina oksijeni safi kama chombo cha angani. Linatumia hewa, na katika hewa oksijeni ni kama sehemu 21 tu kwa kila 100. Zilizobaki karibu zote ni naitrojeni ambayo haisaidii kitu, inaziba nafasi tu. Kwa hiyo njia ya kupitishia hewa ikawa na maana maradufu. Lazima ipite hewa nyingi, ifike kila mahali, na itoke na maji.

Hapa sasa ndipo mfereji wenyewe, ule wa kuchongwa, unapoingia katika historia. Seli moja ikiwa kazini hutoa volti 0.6 au 0.7 hivi. Kwa hiyo seli hupangwa kwa mamia, moja nyuma ya nyingine, kama vipande vya mkate wa boflo. Kati ya seli na seli huwekwa bamba, zamani la grafiti, siku hizi mara nyingi la metali. Juu ya uso wa bamba huchongwa mifereji yenye upana wa kama milimita 1, na kati ya mfereji na mfereji hubaki tuta. Mfereji hupitisha gesi na maji. Tuta hupitisha umeme. Ukiupanua mfereji, gesi inafurahi lakini tuta linakonda na umeme unabanwa. Ukilinenepesha tuta, umeme unapita, lakini sehemu iliyolaliwa na tuta inakosa hewa na maji yanatuama hapo. Aliyewahi kulima matuta ya viazi anaelewa kwamba huwezi kuongeza yote mawili katika shamba lile lile.

Umbo la kwanza linalomjia mtu akilini ni mifereji iliyonyooka sambamba, mingi, kuanzia upande huu hadi upande ule. Gesi hupita kwa urahisi na pampu haichoki. Lakini sasa irudie ile sebule yangu. Tone moja la maji likiziba mfereji mmoja, gesi haina sababu ya kupigana nalo, maana iko mifereji mingine mitupu. Inapita huko. Tone linabaki, linapata mwenzake, na sehemu ile ya seli inakufa njaa kimya kimya. Na kwa kuwa seli zimeunganishwa kwa msururu mmoja, umeme wa seli nyingine zote unasukumwa kupitia ile yenye njaa. Ikiwa iliyokosa ni haidrojeni, seli hiyo huanza kuila kaboni ya elektrodi zake yenyewe. Tone la maji lisilozidi machozi ya mtoto linaweza kuharibu mtambo wa thamani kubwa. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Mwaka 1983 kampuni ndogo ya Ballard, karibu na Vancouver, Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1979 na Geoffrey Ballard na wenzake kwa ajili ya betri, ilipewa na serikali ya Kanada kazi ya kuifufua ile seli ya utando ambayo Wamarekani walikuwa wameiweka kando. Mwaka 1991 mafundi wake, David Watkins akiwa mmoja wao, walipata hataza ya bamba ambalo juu yake ulichongwa mfereji mmoja tu usiokatika, unaokwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama nyoka, mpaka umeenea uso wote. Kwa nini nyoka? Kwa sababu njia ni moja. Tone likiziba, gesi haina pa kukwepea. Inakusanya nguvu nyuma yake na kulisukuma mpaka mlangoni. Ni kama kuondoa mitaro yote ya mtaa na kubakiza mmoja wenye maji ya kasi. Hauzibi, kwa sababu kila kitu kinalazimika kupita hapo.

La hasha, nyoka naye si malaika. Mfereji mrefu unadai pampu yenye nguvu, na pampu inakula sehemu ya umeme ule ule tunaoutafuta. Isitoshe, gesi inapofika mkiani oksijeni yake imepungua na unyevu umezidi. Kichwa cha nyoka kinakauka na mkia unafurika. Kwa mabamba makubwa, hao hao wa Ballard walipata hataza nyingine mwaka 1992 ya nyoka kadhaa wanaotambaa pamoja, kila mmoja na njia yake. Ni suluhu kati ya umbo lile na hili. Mwaka 1993 basi lenye seli za kampuni hiyo lilitembea barabarani, na kabla ya miaka ya 1990 kwisha mabasi ya namna hiyo yalikuwa yakijaribiwa na abiria Chicago na Vancouver.

Haki ya wengine isipotee. Seli isingefaa barabarani bila utando bora wa plastiki, na bila watafiti wa Los Alamos, Marekani, ambao katika miaka ya 1980 walipunguza platini iliyohitajika hadi karibu moja ya kumi. Lakini platini iliyopunguzwa haisameheki kwa njia mbaya. Ukiwa na kichocheo kidogo, kila chembe lazima ifikiwe na gesi.

Mwaka 1996 Trung Van Nguyen, mtafiti nchini Marekani, alieleza umbo jingine la kushangaza: mifereji iliyozibwa mwisho kwa makusudi. Mifereji ya kuingilia haiungani na ya kutokea. Imepishana tu kama vidole vya mikono miwili vinavyopishana. Gesi ikifika mwisho inakuta ukuta, haina budi kupenya ndani ya tabaka lenye vitundu, chini ya tuta, ili itokee upande wa pili. Pale pale palipokuwa na maji yaliyotuama sasa panapita upepo. Gharama yake ni hiyo hiyo, pampu.

Je, hadithi imekwisha? Mwishoni mwa mwaka 2014 Toyota ilianza kuuza Japani gari la Mirai lenye seli 370, na upande wa hewa wahandisi wake waliitupa mifereji kabisa. Badala yake waliweka wavu mwembamba wa titani unaoipindapinda hewa na kuyanyonya maji mbali na utando. Ulisifiwa sana. Kisha mwaka 2020 ikaja Mirai ya pili, seli zimepungua hadi 330 na nguvu imeongezeka kutoka kilowati 114 hadi 128, na wavu haumo! Wamerudi kwenye mifereji, ila sasa mfereji umebanwa kidogo hapa na pale, ili hewa ikifika penye mbano isukumwe kushuka kwenye elektrodi. Baada ya miaka 181 tangu Grove, wahandisi wa kampuni tajiri bado walikuwa wameinama juu ya swali lile lile la namna ya kukutanisha gesi na chuma bila kufurika.

Kwa nini mwandishi wa redio wa Dar es Salaam awasumbue wasomaji wake na mfereji wa milimita 1? Kwa sababu platini hii ninayoitaja inatoka zaidi Afrika Kusini kuliko nchi nyingine yoyote. Afrika inachimba kile kitu ghali. Lakini nionyeshe, katika historia niliyoisimulia, ni wapi tulipoushika mfereji. Afrika Kusini yenyewe ililiona hilo, na tangu mwaka 2008 ina programu yake ya taifa ya utafiti wa haidrojeni, HySA, ili isibaki kuuza udongo tu. Kenya nayo ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani jijini Nairobi mwezi Septemba 2023. Mazungumzo yamefika mlangoni kwetu, na wauzaji watakuja na picha za rangi. Watatuonyesha tangi, watatuonyesha gari, watatuambia kwamba haitoi moshi, na watakuwa wanasema kweli.

Siku hiyo, ndugu yangu wa Tabata, usiulize bei peke yake. Mwulize muuzaji: hewa inaingilia wapi, na maji yanatokea wapi? Vumbi letu la kiangazi likiingia kwenye njia ya milimita 1, nani atalisafisha, na kwa kifaa gani? Bamba likiziba, litachongwa Chang'ombe au litasubiri meli? Nchi inayojua kujibu maswali hayo itakuwa na seli za fueli. Isiyojua itakuwa na makasha mazuri yaliyozimika.

Huyo kaka mkubwa unayemuuliza hakukosa akili wala nguvu. Alizaliwa na moyo mzima, mishipa yake ndiyo iliyochelewa. Grove aliupata moyo kwa majaribio ya muda mfupi. Mishipa imewachukua wengine zaidi ya karne moja na nusu, na wengi wao hatuwajui hata kwa majina. Jioni hii, kabla masika hayajashika kasi, mimi nitachukua koleo nikautazame ule mtaro wangu. Hadi wiki ijayo, kwaherini.